Pengo la Ukurasa wa Mbele

Lavonne, tumetoka makumbusho sasa hivi, nina hasira hizo. Unajua wamemfanyia nini Babu Thaddeus?

Si unalijua lile gazeti walilokuwa wanachapa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikosi chao cha weusi watupu? Habari ya Koplo Lemuel kupigwa na dereva mzungu wa basi, kapteni mzungu akaifuta. Babu na wenzake wakaacha pengo tupu ukurasa wa mbele, kila askari ajue kuna kitu kimefichwa.

Leo ukurasa umekuzwa, umejaa ukuta mzima. Pengo hakuna. HAKUNA, Lavonne! Wamebandika picha ya askari wanacheka.

Babu akauliza, “Nani kaweka hii?”

Dada wa pale anatabasamu kabisa: “Mimi, babu. Palikuwa tupu tu, hapapendezi.”

Eti hapapendezi!

Nilitaka kumrukia. Babu akanishika mkono, akamwambia taratibu, “Binti, kapteni alituamuru tuweke picha hapohapo. Tukakataa, akatusugulisha vyoo mwezi mzima. Wewe umemwekea, na wala hakuna aliyekuamuru.”