Kiwanja cha Mahbuba Kimetoka Kwenye Orodha

Khuwair ya Kusini,
Maskati.
14 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Balqis,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mliomo humo nyumbani Kikwajuni. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi kwa kushika ukuta, na tangu siku hiyo kila nikipanda zangu nnakukumbuka. Na mwanao Muslim je, keshapata mchumba au bado anachagua? Mwambie mama yake wa Maskati anasema wachaguzi sana huja wakachaguliwa wao.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Joto limeshavunjika, asubuhi tunafungua madirisha. Mume wangu Badr anakusalimu. Mama yumo, macho tu ndiyo yanamsumbua kidogo. Masikio, mashallah, anasikia hata usilolisema. Ndiyo sababu nnakuandikia kwa kalamu. Nikikupigia simu, yeye yuko kiti cha pembeni yangu. Nikirekodi sauti, ataniambia, "Hebu niisikie kabla hujaituma." Barua hii anakuja nayo Saeed, jirani yetu, anakwenda Unguja kutazama shamba la marehemu bibi yake. Mkaribishe chai, ni mtu mwema.

Umeniuliza mara mbili mbona khabari ya kiwanja cha Mahbuba umeisikia kwa watu, hukuisikia kwangu mimi dada yake. Ni kweli, serikali imekitoa kwenye orodha ya ardhi zenye taka za hatari. Ni khabari njema. Nimeisema njema, unaona, na kalamu haikuvunjika.

Ile ardhi unaikumbuka. Ni ile ya nyuma ya Mawaleh, kando ya wadi, lile korongo linalopita maji ya mvua, tulikokwenda kula chakula ulipokuja kututembelea. Baba, Mungu amrehemu, alitugawia angali hai, mimi na mdogo wangu. Mimi mkubwa nikachagua kwanza, nikachukua upande wa barabarani. Mahbuba akabaki na upande wa wadi. Sasa huko upande wa wadi, sisi tukiwa wadogo, Baba alimkodisha mtu mmoja aliyekuwa akinunua betri mbovu za magari. Anazivunja, anayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani, na yale maji yake makali anayamwaga papo hapo. Baba akidhani ni gereji tu. Mtu yule aliondoka zamani, lakini alichokimwaga hakikuondoka naye.

Watu wa mazingira walipokuja kupima udongo, changu kikaonekana kizima, cha Mahbuba kikakutwa kina sumu. Kikaingizwa kwenye orodha, na kibao kikasimamishwa: marufuku kujenga, marufuku kuchimba, marufuku kulisha wanyama. Hakiuziki, hakirithishiki kwa raha. Mahbuba alikuwa ameshafiwa na mume, yuko yeye na binti yake Bashayer katika nyumba ya kupanga.

Balqis, wewe ni ndugu yangu na huna mtu wa kumpelekea maneno yangu. Zama zile zilikuwa nzuri kwangu. Kila mtu akimwonea huruma Mahbuba, na mimi nikiongoza. Malimau ya kwangu nikimpelekea kwa kikapu. Tende zikiiva, fungu la kwanza lake. Watu wakisema, "Zakiya ana moyo." Na nilikuwa nao! Mtu akiwa chini yako ni rahisi sana kumpenda.

Kumbe mwenzangu hakukaa akilia. Kila likizo ya shule, maana bado anasomesha, alikuwa kwenye maofisi. Akatafuta wahandisi, akaandika maombi, akaingizwa kwenye mpango wa serikali wa kusafisha ardhi kama hizo. Likaja katapila. Udongo ukachimbwa mpaka nikadhani wanatafuta maji, ukapakiwa kwenye malori yaliyofunikwa maturubali, ukapelekwa huko wanakozika taka za sumu. Ukaletwa udongo mpya. Mimi nikisimama kwangu chini ya mtende nikitazama, na moyoni nikijiambia hawatafika popote.

Wakafika. Na watu wakaanza kumsifu. Tulikwenda arusi ya watu wa Matrah, tumekaa meza moja, akaja bibi mmoja namjua miaka na miaka. Akanipita mimi kama anapita kiti, akamkumbatia Mahbuba: "Wewe ndiye uliyeifufua ardhi iliyokufa!" Mama akacheka mpaka machozi, akasema, "Huyo mwanangu huyo, akishika jambo haliachi." Na mimi je, Balqis? Mama anakaa kwangu tangu Baba alipofariki. Dawa zake nnazijua kwa rangi. Uji wake nnaujua unene wake. Hakuna bibi aliyewahi kunikumbatia arusini kwa ajili ya uji.

Kijicho kikaniingia. Nilikiita uchovu, nikakiita presha, nikaenda hata kupimwa. Daktari akaniambia mzima.

Halafu siku moja tunakunywa kahawa, Mama akasema bila kuniangalia, "Mahbuba akijenga, ataniwekea chumba cha chini, chenye mlango wa kutokea bustanini. Nnataka nikakae kule."

Nikamwuliza, "Kwangu umekosa nini, Mama?"

"Sikukosa kitu. Miaka yote nimekula kwako. Na yule naye ni mwanangu."

Ungemjibu nini? Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Na hapo, naapa kwa Mungu, ndipo nilipokikumbuka kisima.

Kulikuwa na kisima upande wa wadi. Nilikuwa msichana mdogo, nimefuatana na Baba, yeye yuko barabarani anazungumza na watu, mimi nikazunguka nyuma. Nikawaona wafanyakazi wa yule mtu wakitupa makasha ya betri humo ndani na kumimina ndoo juu yake. Mahbuba alikuwa bado anabebwa. Baadaye kisima kikafukiwa kwa mawe na mchanga, na mimi nikakua, nikakisahau. Miaka yote ya kupima na kuchimba sikukikumbuka, nikaja kukikumbuka siku Mama aliposema anahama. Utasema ni ajabu. Mimi pia nasema ni ajabu.

Ikatoka taarifa kwamba kabla kiwanja hakijatolewa kwenye orodha, majirani wenye la kusema wafike mbele ya kamati. Nikaenda. Mahbuba aliponiona akafurahi, akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, akakipangusa kwa mkono. "Nilijua utakuja, Da Zakiya." Nikakaa. Mkono wake ulikuwa baridi, akaushika wangu.

Ofisa aliyeongoza kikao, binti mmoja jina lake Noof, akasoma matokeo ya vipimo, yote mazuri. Akauliza, "Kuna jirani mwenye kauli?"

Nikautoa mkono wangu, nikasimama. Nikasema, "Kuna kisima hamjakipima."

Mahbuba akaniangalia kutoka chini. "Kisima gani?"

"Kilichofukiwa. Upande wa wadi."

"Da Zakiya, hakuna kisima kule."

"Kipo. Nilikiona mimi kwa macho yangu."

Noof akaniuliza kama naweza kuonyesha mahali. Nikasema naweza. Akafunga faili lake, akasema kwa upole kwamba basi leo hapatakuwa na uamuzi. Watu wakatoka. Mahbuba alibaki amekaa, kile kiti cha pembeni yake kitupu, na Bashayer akanipita mlangoni bila salamu.

Nilisema kweli, Balqis. Lakini sikuisema kwa ajili ya kweli. Nilipokuwa nasimama sikufikiri maji wala sumu. Nilifikiri kile chumba chenye mlango wa bustanini, nikataka kisijengwe.

Niliwaonyesha mahali. Katapila likateremsha mkono wake na siku hiyohiyo likakutana na mawe, kisha matope meusi, kisha makasha yale, mengi, yamebanana. Walipoyapima maji ya chini, yalikuwa na risasi. Kazi ikaanza upya: kuchimba tena, kuvuta maji na kuyasafisha, kusubiri, kupima, kusubiri tena. Kiangazi chote Mahbuba hakukanyaga kwangu. Na Mama, anayelala chumba cha pili kutoka changu, alikuwa akinijibu "naam" na "la" tu. Uji wangu akiula nusu. Badr akaniambia, "Si umefanya jambo la maana? Mbona unaonekana kama umeiba?" Wanaume wakati mwingine hulipata bila kulenga.

Mwishowe, mwezi uliopita, vipimo vikatoka safi, udongo na maji, na kiwanja kikatolewa kwenye orodha. Kibao kikang'olewa. Ijumaa ya wiki ile ile Mahbuba akaja hapa na sinia ya halwa, na nusu ya ukoo nyuma yake. Nikajua leo ndiyo siku yangu ya kusemwa.

Hakunisema. Alisimama katikati ya majlisi, mbele ya Mama na watu wote, akasema, "Angenyamaza Da Zakiya, Mama angekwenda kunywa sumu kwangu. Bustani yangu yote ingenywa sumu. Mungu amlipe kheri." Akaja akanibusu kichwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Na Mama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao, akanishika shavu, akasema, "Mwanangu."

Unadhani nilifurahi? Nilitamani anitukane! Angenitukana tungekuwa sawa, mimi na ubaya wangu, yeye na wake. Lakini yeye amenishinda kwa ardhi, sasa amenishinda na kwa kusamehe, na watu wamepiga vigelegele.

Akanifuata jikoni nilipokwenda kuandaa chai. Akasubiri mpaka mlango ukajifunga. Akasema, si kwa hasira, "Najua hukusimama kwa ajili ya maji."

Nilikuwa nimeshika kopo la iliki. Nikaendelea kulishika.

"Lakini maji yalikuwa na sumu," akasema. "Kwa hiyo lile nililolisema mbele ya watu ni kweli, na hili nnalokwambia hapa ni kweli pia. Hili halitatoka jikoni."

Nikamwuliza, "Chai yako nitie iliki?"

Akasema, "Tia." Tukanywa pale pale tumesimama.

Nyumba inajengwa sasa, msingi umeshapimwa. Mama ameshachagua pazia la chumba chake, la kijani kibichi, na ananiuliza mimi kama litaoana na zulia. Namwambia litaoana. Kwa kweli litapendeza. Mpaka mwakani panapo majaliwa atakuwa huko, na mimi nitakuwa na chumba kitupu na dawa za kumpelekea. Badr ananiambia nitapumzika. Mimi sikuomba kupumzika.

Bado nna wivu, Balqis. Usiniandikie kwamba ni dhambi, hilo nnalijua, na usiniandikie kwamba yataisha, maana hujui. Niombee tu. Hata nikiomba dua mwenyewe huanza vizuri, nikifika kwenye jina la Mahbuba ulimi unakuwa mzito, naruka, halafu narudi.

Jambo la mwisho ni la jana. Mafundi wa Mahbuba wameanza kuinua ukuta kati ya kiwanja chake na changu. Alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza, "Uwe mzima, au tuweke mlango?" Nikamwambia nitafikiri. Jana nilikwenda kuchuma malimau, nikaukuta ukuta umenifika kifuani, na katikati wameacha pengo. Fundi mkuu, Nsubuga, kijana wa Kiganda anayezungumza Kiswahili cha bara, akanivulia kofia.

"Mama, bosi amesema hapa tukusubiri wewe. Tuzibe ama tuweke mlango?"

Nilisimama pale na kikapu changu. Kwa pengo lile nnaona chumba cha Mama kitakapokuwa, wameshakichora ardhini kwa chokaa. Nikasema, "Wekeni mlango."

"Sawa. Na komeo likae upande gani?"

"Upande wangu," nikamwambia. Akaandika kwa penseli juu ya tofali.

Nisalimie sana mumeo Mahfoudh, na Muslim, na majirani wote wanaonikumbuka. Mama anakusalimu, ingawa hajui kama nnakuandikia. Mungu akuponye goti, aipe baraka nyumba yako, na akulinde na macho ya watu, yangu mimi yakiwemo. Na Mahbuba naye anakusalimu. Hakuniagiza, lakini angeniagiza.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye kwa moyo huu huu kama ulivyo,
Zakiya