Treni Isiyofunuliwa Majani

Jumatatu, 1 Septemba
Miraa ya leo safi. Nimefungua vibunda vyote, viwili nikavirudisha kwa mkulima. Hapa mjini Maua hakuna anayenunua kibunda bila kufunua majani ya mgomba aone ndani. Baba alinifundisha hivyo.

Jioni nimeiona kwenye simu. Treni ya mfano, nyekundu, kama ile aliyonionyesha Baba Nairobi nikiwa mabegani mwake. Kiwanda cha ng'ambo kinaitengeneza mara moja tu. Mwisho wa kuagiza na kulipa ni Jumamosi. Nimefurahi kama mwehu.

Jumanne, 2 Septemba
Kitumbua kimeingia mchanga. Picha ni moja, tena ya kuchorwa. Hawasemi urefu. Hawasemi mabehewa mangapi. Hawasemi kama magurudumu yatatoshea reli zangu za mezani. Yasipotoshea nitakuwa nimenunua pambo. Nimewauliza. Wamejibu: maelezo baadaye. Baadaye lini? Wamenikera.

Jumatano, 3 Septemba
Mke wangu Zaituni ananicheka tangu asubuhi. "Mzee mzima unakosa kula juu ya treni! Kwani mimi ulifunua majani ndio ukanioa?"

Wazee walipanga, akaletwa kutoka Isiolo, sikuwa nimeona hata picha.

Alhamisi, 4 Septemba
Siagizi. Nimeamua.

Nimepangusa reli zangu kwa kitambaa, nikakaa nikizitazama. Nina huzuni ya kitoto. Aibu tupu.

Ijumaa, 5 Septemba
Baada ya swala Abdi amepiga simu, mteja wangu wa Nairobi. Anataka mzigo wa kesho. Hajawahi kukanyaga Maua, na kila mara hulipa kabla miraa haijakatwa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona ajabu ya jambo hilo. Nikamuuliza haogopi?

"Si ni wewe, bana? Umewahi kuniangusha?"

Basi hao wa kiwanda wamemwangusha nani? Nimeuliza kwenye kundi letu la wapenda treni. Mwalimu mmoja wa Embu ana treni yao ya zamani. Anasema inakwenda vizuri, ila rangi ilifika tofauti na picha. Hii mpya hakuna aijuaye.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeagiza. Zaituni amepika pilau kana kwamba tumepata mtoto.

Jumapili, 25 Januari
Sanduku limefika. Mimi, mfunguaji wa kila kibunda, nimeshindwa kulifungua. Zaituni amelifungua.

Si nyekundu. Ni kahawia, rangi ya udongo wetu ukinyeshewa. Nimenuna kidogo. Kisha nimeiweka mezani, magurudumu yakakaa relini sawasawa. Imezunguka taratibu, tukaifuata kwa macho.

Nimeitazama mpaka nikakumbuka vizuri. Hata ile ya Baba haikuwa nyekundu.

Zaituni ameomba izungushwe tena.