Sikio la Kushoto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, goti limetulia, na baba ameacha kupanda juu ya paa kuziba matundu kama nilivyomsihi. Sisi huku miili haijambo. Mwambie mdogo wangu kwamba shemeji yake bado anamcheka kwa kulikanyaga gauni langu la harusi mbele za watu.

Mama, ndoa ni tamu. Mwezi wa nne huu, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka kama wa mwanafunzi anayesubiri matokeo. Hunimenyea vitunguu ili nisitokwe na machozi. Akipiga pasi mashati yake, hupiga na magauni yangu, tena kwa mluzi.

Unaijua kazi yake pale kwenye duka la vyombo vya muziki. Chombo kipya hakiagizwi mpaka yeye akisikilize na kuandika neno lake. Mwezi uliopita alileta nyumbani sanduku jeusi zito, amelifunga kwenye blanketi letu jipya, kalibeba kama mtoto mchanga. Nikamwambia kama ameniletea mke mwenza, basi angalau awe anaosha vyombo. Alicheka hadi akakaa chini. Akanieleza kwamba hicho ni kigeuzi. Muziki wa siku hizi umehifadhiwa kama tarakimu, nacho huzigeuza zikawa sauti. Ndani mna rezista, vidude vidogo kama punje za mchele, vimepangwa kama vipandio vya ngazi. Fundi aliyekiunda alipima kimoja kimoja kwa mkono wake, maana kipandio kimoja kikikosea, sauti inajikwaa.

Alinikalisha kwenye kiti cha katikati, spika huku na huku, akanifunga macho kwa leso. Akawa anabadilisha waya nyuma yangu, mara kigeuzi hicho, mara kile chetu cha zamani, nami niseme kinachopiga ni kipi. Nilipata tisa kati ya kumi. Alininyanyua akanizungusha, akasema ameoa sikio la dhahabu, na kwenye ripoti yake akaandika kwamba hata mkewe, asiye fundi, amesikia tofauti. Ukweli, mama, sikuwa nikisikiliza muziki. Kikipiga kile kipya, yeye hubana pumzi. Nilikuwa nikisikiliza pumzi zake.

Kisha fundi akaleta kigeuzi cha pili, duka lihakikishe kwamba vyote viko sawa. Mume wangu alikuwa na mafua makali, masikio yameziba, na ripoti ilitakiwa kesho yake. Akaniomba nimsikilizie. Nilikaa, nikavaa spika za masikioni ili tusiwaamshe majirani, wimbo ukapita mwanzo hadi mwisho, nikamwambia ni safi kabisa. Akatia sahihi.

Siku ya kukionyesha, mbele ya wateja walioalikwa na fundi mwenyewe aliyetoka mbali, spika ya kushoto ilikwaruza kama mafuta kwenye kikaango. Kipandio kimoja kilikuwa kimekufa. Mkuu wa duka alimuuliza mume wangu hadharani kama siku hizi anasikiliza kwa magoti. Fundi hakumlaumu mtu. Alikifunga kigeuzi chake taratibu akaondoka, na oda yake ikafutwa.

Mume wangu hakunishuku hata chembe. Alisema bila shaka alikigonga mahali alipokuwa akikirudisha, kwani mkewe alikisikia kikiwa kizima. Wiki nzima nilimtazama akiandika na kuchana barua ya kuomba aondolewe kwenye usikilizaji, arudishwe stoo alikoanzia.

Jumapili nikamwambia. Nilimwambia kwamba sikio langu la kushoto lilikufa nilipougua nikiwa na miaka sita, kwamba ulinifundisha kukaa kushoto kwa watu ili lile zima liwaelekee, na ukanionya nisimfungulie mume, maana siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Hakufoka. Aliuliza ni lipi, akaligusa kwa kidole. Kisha akauliza kuhusu siku ya harusi, pale mpiga picha alipotupanga, yeye akiwa upande wangu wa kushoto, akaninong'oneza. Nakumbuka, mama. Sikusikia kitu, nikacheka na kutikisa kichwa kama nifanyavyo siku zote. Picha yenyewe iko hapa ukutani. Alikuwa ameniambia kwamba asubuhi ile, kwa mazoea, alimpigia simu baba yake, ikaita na kuita, mpaka akakumbuka kwamba alishamzika.

Nami nikacheka.

Miezi minne amelala na kicheko kile, na vitunguu akanimenyea vilevile.

Amemweleza mkuu wake ukweli, naye amekubali kigeuzi cha fundi kisikilizwe upya. Fundi tumemwandikia wote wawili. Hajajibu. Sikulaumu, mama, ulitaka niolewe. Lakini mficha uchi hazai, na mdogo wangu usimfundishe kuficha chochote.

Mume wangu bado ni mwema. Ila sasa husema nami kwa sauti ya juu, waziwazi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jana asubuhi alikuja upande wangu wa kulia, akainama karibu kabisa na sikio. Nikabana pumzi. Akasema chai iko tayari.

Msalimie baba, na majirani wote wanaoniulizia. Niombee.

Ni mimi binti yako,
Kifungua mimba wako