Tuhesabiwe Baada ya Nyasi

Mgodini Nkwantabisa,
Mei 9, 1936

Baba yangu,

Nakuamkia nikiwa nimechuchumaa, kofia chini, kama vile uko mbele yangu. Hujambo? Goti la Mama limepoa? Mtama umeota, au mvua bado inaringa? Katekista anayekusomea barua hii nampa salamu zake pia, na namwomba asome polepole, asiruke mistari kama alivyoiruka ile ya Pasaka. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi ni mzee kuliko mimi.

Habari kubwa ya huku ni maji. Nilikwisha kukuandikia kwamba Serikali ilituwekea bomba kambini. Lilikuwa moja kwa watu mia nne, lakini lilikuwa letu. Mwezi wa pili likakauka. Tukadhani ni kutu. Kumbe maji yamegeuzwa njia, yamepelekwa kilimani kumwagilia nyasi za uwanja ambao Wazungu wanapigiana kimpira kwa vitu kama chekeche. Nyasi zile, Baba, zinakunywa asubuhi na jioni. Sisi tukashuka kwenye kijito kinachotoka mgodini, maji yake rangi ya majivu, na wiki haikuisha kambi nzima ikawa inapishana mbio vichakani. Binti mdogo wa Pogyel, yule mama anayetupikia pombe ya mtama, alilala siku sita hamjui mtu.

Pogyel mwenyewe ndiye aliyetukusanya. Alituuliza kama wanaume wanaopasua mwamba kutwa nzima wanaogopa karatasi. Mtani wangu Atanga, Mfrafra ninayelala naye chumba kimoja, akamjibu kuwa Wadagara kama mimi hawaogopi karatasi, wanaogopa kuoga, kwa hiyo kukauka kwa bomba kwao ni sikukuu. Nikamwambia yeye mla vichwa vya mbwa anyamaze. Pogyel akasema tutaniane baadaye, mtoto wake anakufa, Serikali iandikiwe leo.

Mwandishi wa barua wa sokoni alikataa kabisa. Wateja wake wako kule kule kilimani. Basi macho yote yakanigeukia mimi na darasa langu la tatu.

Tuliandika siku tatu. Kila mtu alikuwa na neno lake la kutia. Mwishowe tukasema hivi: kwamba sisi watoto wanyonge wa Serikali tunaziheshimu nyasi zake wala hatuombi kutangulizwa mbele yazo, tunaomba tu tuhesabiwe baada ya nyasi, lakini kabla ya kijito. Tukaomba pia waliokunywa maji yale watibiwe na daktari wa Serikali bila malipo. Kisha watu wakaja kutia dole gumba. Mzee Ziem akagoma. Alisema mara ya mwisho alipotoa dole gumba alijikuta mgodini miaka minne. Tukambembeleza mpaka akavua kiatu, akatia kidole kidogo cha mguu, akasema hicho hata wakikidai hakijui kazi yoyote.

Baada ya wiki tatu, Mkuu wa Wilaya akatuita sita twende ofisini. Pogyel akaja wa saba bila kuitwa, mtoto mgongoni. Mkuu akasema, kupitia mkalimani, kwamba ameuchunguza waraka wetu na kukuta ndani yake uongo mmoja. Na waraka wenye uongo mmoja ni wa uongo wote, pamoja na hayo maji. Aliyeutia ajitokeze, la sivyo anauchana.

 Mzee Ziem akakiri kuwa ile alama yake si dole gumba. Akaanza kuvua kiatu. Mkuu akamwambia avae.

Hapa Katekista asimame kwanza kusoma. Watu watoke nje, mbaki wewe, Mama na yeye msomaji.

Baba, mimi si karani. Sijawahi kuwa, ila Jumanne moja, mwaka niliofika, pale mwenye daftari alipougua jino nikashika kalamu yake mpaka jioni. Jioni ile ile nikakuandikia. Ukafurahi sana, ukanijibu kwamba sasa unaitwa Baba Karani na kwamba pale penye pombe umetengewa kiti chenye mgongo. Nikashindwa kukuinua kwenye kiti. Ninasukuma toroli la mawe, miaka mitano sasa. Na kwenye waraka, chini ya jina langu, nikaandika kwa siri Karani wa Mgodi, maana nilijua karatasi za Serikali husafiri.

 Pale ofisini Atanga, ambaye chumbani hakuna siri yangu asiyoijua, akacheka kicheko chake kile cha kukera, akasema karani ndiye huyu, kalamu yake ina magurudumu manne, na wino wake ni jasho, mnuseni. Wote wakaangua kicheko, hata mkalimani. Na mimi ningeweza kucheka nao, Baba, yakapita, kwani maneno ya mtani hayashikwi. Lakini Mkuu akaniuliza mimi, ni utani au ni kweli? Nikamtazama yule mtoto mgongoni kwa Pogyel, midomo imepasuka. Nikasema ni kweli.

Mkuu akalikata lile neno kwa wino mwekundu, akaandika juu yake: msukuma toroli. Akasema nakala itatumwa kwa Mkuu wa Wilaya wa huko kwetu ili majina yahakikishwe, na yatasomwa mbele ya chifu. Ndiyo sababu barua hii nimeituma kwa dereva wa lori, sio posta. Nataka ifike kabla ya ile.

Siku ya nane bomba likatoa maji. Daktari alikuja na dawa chungu, na mtoto wa Pogyel juzi amenipiga mguu kwa kijiwe, kwa hiyo amepona. Nyasi za kilimani zimekuwa za njano. Na bomba, kwa ubaya wa Atanga, limepewa jina Karani. Alfajiri utawasikia akina mama wakiambizana wawahi kwa Karani kabla hajajaa watu.

Kwa hiyo, Baba, wakija kukudai kile kiti, waambie huku Nkwantabisa Karani yupo. Ni wa chuma, anasimama njiani kutwa, na mwanao ndiye aliyemrudisha kazini. Wakikataa, kaa chini tu. Hata mimi ninakaa chini.

Sasa waite waliotoka. Najua walikuwa mlangoni wanasikiliza. Wasalimie wote kwa majina yao. Mama asilie.

Ni mimi mwanao,
Kuuire,
msukuma toroli.