Kifurushi cha Mwezi Mzima

Jumanne, kwa mama, juu ya Kikatiti

Kosa ni langu. Dada wa dukani mjini aliniuliza rauta nitaitumia wapi, nikajibu Arusha, kwa sababu sisi wa huku tukiulizwa tunakotoka husema Arusha. Akaniwekea kifurushi cha mwezi mzima cha mtandao unaokimbia vizuri kule Moshono ninakoishi. Hapa kwa mama haushiki kabisa.

Leo nimezunguka na rauta mkononi: jikoni, zizini, katikati ya migomba. Taa nyekundu tu. Imegeuka kijani nilipovuka masale, mimea iliyopandwa mpakani, nikiwa nimesimama kwenye kahawa ya baba mdogo.

Baba mdogo na mama hawasalimiani tangu wagombanie huo mpaka. Na kesho asubuhi nina kikao cha kazi kwa mtandao. Nikikikosa hiki pia, sijui kama kazini watanivumilia.

Nimemwambia mama rauta inashika kwa baba mdogo tu, kwa hiyo nitashuka barabarani nikanunue laini nyingine. Ametoka, akakata jani la isale, lile tunalompelekea mtu tukimwomba radhi, akalipiga fundo na kunipa.

"Mpelekee baba yako mdogo. Umwamkie kwanza."

"Nimwambie unaomba msamaha?"

"Mwambie mtoto anaomba mtandao."

Nimekwenda. Nimempa shikamoo, nikamweleza kama nilivyotumwa. Baba mdogo amelipokea jani kwa mikono miwili, akanivutia kigoda nikae. Kisha akauliza kifurushi kinaisha lini.