Makopo Yaliyokosa Watoto

Chumba cha nyuma, dukani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa na baridi ya huko imekuonea huruma. Sisi miili ni mizima. Mama anakula vizuri, presha imetulia, na bado anabishana na redio utadhani mtangazaji anamsikia. Pole sana kwa kupunguzwa kazini. Uliandika mistari miwili tu kuhusu hilo, ukakimbilia habari za mvua, lakini mimi ni mpwa wako, najua unachokiruka.

Nakuandikia habari za duka. Tunalifunga mwisho wa mwezi huu. Mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine, na juzi alikuja kupima mlango kwa futi bila hata kupiga hodi.

Unakumbuka mwaka jana nilikuuliza nitajuaje cha kuagiza, na kiasi gani. Nilikuwa na pa kuuliza patatu. Kulikuwa na mwenye lori la jumla, ambaye kwake kila kitu kinauzika kama njugu. Kulikuwa na watu wanaoingia, wakaulizia tusichokuwa nacho, wakaenda zao. Na kulikuwa na mashine ya risiti. Wewe uliyezeeka kwenye bohari kubwa ukanishauri nishike risiti, kwa sababu mdomo husema lolote lakini aliyelipa amelipa. Nikakuamini.

Risiti zikasema maziwa ya kopo ya watoto, nepi, na sabuni ya unga ya boksi kubwa. Kila mwezi vilipanda. Mama akanunua miwani mpya ili awaone wateja wake vizuri. Nikapiga moyo konde, nikaagiza mzigo wa miezi sita kwa mkupuo. Mzigo ulipofika, kopo hata moja halikutoka.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi cherehani gauni la Mama alipunguze. Nyuma ya pazia lake nikayaona makopo yetu, yamepangwa hadi dirishani, hakuna lililofunguliwa. Dukani alikuwa akisema ni ya watoto wa dada yake. Alipoona nimeyaona, aliinamisha kichwa.

"Dada, mimi nilikuwa natumwa tu. Mjomba wako ndiye aliyekuwa anatutumia hela, mimi, kinyozi na yule mwalimu mstaafu. Sasa zimekatika."

Nikakaa kwenye benchi lake. Mwaka mzima nilidhani napima haja ya mtaa, kumbe nilikuwa napima huruma yako. Uliniambia nimfuate anayelipa, na aliyekuwa analipa ni wewe. Nina hasira na wewe, Mjomba, nakwambia wazi na heshima yako iko palepale. Najua ungempa Mama hela mkononi angezirudisha, ndiyo maana ukapitia uani. Lakini mimi ungeninong'oneza.

Jana ndipo nilipomuuliza muuguzi wa zahanati, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kuagiza. Siku hizi watoto wachanga anaowapima ni wachache mno, familia changa zimehama kufuata kodi nafuu. Na wale wanaotoka kwetu mikono mitupu wanataka sabuni ya kipande na mafuta ya kupima. Risiti isingeweza kuvitaja, maana hatujawahi kuviweka. Majuto ni mjukuu. Duka la ng'ambo ya barabara linaviuza kutwa nzima.

Wahenga walisema wema hauozi, lakini hawakuwa na makopo yenye tarehe ya mwisho. Haya yetu yanaisha muda mwezi ujao. Mwenye lori amekataa kuyapokea tena, na zahanati imepokea machache ya bure. Tafadhali usianze kukopa huko ili utuokoe. Nimepiga hesabu kila upande na sioni pa kutokea. Nimeomba kazi maeneo mawili, kote wamesema watanipigia, nawe unajua maana yake.

Mama anakusalimu. Kinyozi pia, ingawa siku hizi akiniona anavuka barabara. Msalimie mkeo, na umwambie yule binamu yangu mvivu kwamba kuandika hakuvunji vidole.

Nina ombi moja, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Mama hajui chochote. Anadhani amewaudhi wateja wake watatu kwa neno fulani, na kila siku anajaribu kulikumbuka. Jana tukiteremsha rafu aliketi juu ya boksi la sabuni, akafuta miwani, akasema, "Si haba, mwanangu. Mwaka mmoja watu walinipenda dukani kwangu."

Nikaendelea kuteremsha rafu. Ukipiga simu, Mjomba, usitubu kwake na wala usimwombe radhi. Mwachie mwaka wake.

Mungu akufungulie mlango huko, maana huku imefungwa yote.

Wako akupendaye hata akiwa amenuna,
Mpwa wako wa dukani.