Gari Nililoitiwa Mwizi

Jumatatu, 3 Machi

Nimelinunua! Lile lile. Nimelivuta kwa kamba kutoka yadi ya kazini (kazini kwao, si kwangu tena) mchana kweupe, macho yote yakiona. Hakuna mwingine aliyelitaka. Kilomita laki tatu na themanini elfu na ushee, na karibu zote ni mguu wangu uliozikanyaga. Tairi vipara. Betri imekufa. Rejeta inavuja. Kiti cha dereva kimechanika pale pale nilipokalia miaka kumi na moja.

Mlinzi wa getini alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Madirishani nako vichwa vimejaa. Nikasikia mmoja akisema mwizi karudi kuchukua mzigo aliousahau. Shemeji alikuwa kasimama kwenye ngazi, mkuu wa usafiri, tai shingoni. Yeye hakucheka. Alitazama saa yake tu, kama vile nampotezea muda. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko vicheko vyote.

Mke wangu amesema hataki tena kusikia habari za kaka yake humu ndani. Kila siku yeye, kila mlo yeye, umegeuka redio! Sawa. Redio imezimwa. Nitaandika humu, karatasi haina undugu na mtu.

Mpango wangu ni huu. Nitalitengeneza, nitaliendesha teksi, na kituo changu kitakuwa mbele ya geti lao. Kila asubuhi Shemeji akiingia kazini, cha kwanza kukiona kiwe uso wangu. Azeeke nao.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi kaja kulitazama. Mtaa mzima humwita Kesho, maana ukimuuliza kazi itaisha lini hana jibu jingine. Lakini ni rahisi, na vipuri vyake huvinunua kwenye magari yaliyokufa. Kalizunguka gari, kapiga teke tairi, kachungulia chini, kaguna. Akasema mzee, hapa umenunua ugonjwa, gari umepewa bure. Nikamwambia anza na breki. Pedi za mtumba, plagi mpya, rejeta aizibe. Rangi baadaye. Redio hapana.

Usiku huu — ah, niandike mara moja, nisirudie tena. Mwaka jana ofisi ilileta utaratibu mpya: kila Jumatatu tangi lijazwe pomoni, Ijumaa wapige hesabu ya kilomita. Zamani tulikuwa tunapewa mafuta kidogo kidogo. Utaratibu ulipoanza tu, mafuta yangu yakaonekana yanakwenda mno. Nikaitwa mbele ya kamati. Nikasema kweli tupu: nikipanda mlima nasikia harufu ya petroli, gari likaguliwe. Shemeji akainuka. Shemeji aliyeniingiza kazini mwenyewe! Akasema, "Lazima uisikie harufu. Iko mikononi mwako." Kamati nzima ikaangua kicheko. Nikatoka bila kiinua mgongo. Aliogopa asiambiwe kamficha mwizi kwa kuwa nimeoa kwao, ndiyo maana akawahi kunichinja yeye.

Na jioni ile mke wangu akaniambia kwa upole: kama ulichukua, niambie tu, mimi sitakuacha. Sitakuacha! Alidhani ananihurumia. Mpaka leo sijamjibu. Sijui anaamini nini, na kuuliza siwezi.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu anashona nguo za viti. Sikumwomba. Kafungua mabaki ya pazia la mteja wake, maua makubwa mekundu, kapima kiti kwa futi yake ya cherehani. Nikamwambia abiria watadhani wamekaa sebuleni. Akasema afadhali sebuleni kuliko kwenye sponji inayouma makalio. Tukacheka. Zamani tulikuwa tunacheka hivi kila siku.

Halafu akaharibu: kasema kaka yake amempeleka Mama kliniki ya miguu leo, kama kila Jumamosi. Kwa gari la ofisi, pacha wa hili langu, yalinunuliwa siku moja. Siku hizi Shemeji analiendesha mwenyewe, eti bora kukosa dereva kuliko kuwa na mwizi. Nikatoka nje nikaenda kusugua madoa ya kutu.

Mama mkwe simhesabu kati yao. Yeye ndiye pekee aliyesema, mkwe wangu haibi. Alisema mbele ya mwanawe, na hakuna aliyemwomba kusema.

Jumanne, 11 Machi



Tulikuwa tunajaribu gari. Linawaka! Linakohoa, linatoa moshi, lakini linawaka. Kesho akasema tulijaze tangi mara moja tuone kama geji inasema kweli. Nikaona uchungu wa kununua mafuta yote yale, lakini nikanunua. Tukapanda kilima cha nyuma ya soko. Harufu ile! Nikafunga breki. Kesho akashuka, akalala chini ya gari palepale kwenye mteremko. Halafu akacheka kicheko kibaya. Akaniita, mzee njoo uone mwizi wako.

Ni mpira. Mpira unaounganisha bomba la kujazia mafuta na tangi. Umepasuka upande wa juu, kwenye mkunjo, huwezi kuuona ukisimama. Tangi likiwa nusu, salama. Likijaa, ukipanda mlima, petroli inarudi nyuma, inatoka kwenye ule mpasuko, inateleza juu ya chuma, inakauka kwa upepo. Ukiegesha mahali tambarare, chini pakavu kabisa. Wao wanajaza pomoni kila Jumatatu, kisha wananituma milimani, kisha wanauliza mafuta yamekwenda wapi!

Nililia. Niandike tu, nililia kama mtoto, na Kesho akajifanya anatafuta spana.

Baadaye akaniambia jambo jingine. Kwamba nimshukuru Mungu, maana mpira ule uko karibu na bomba la moshi. Cheche moja, mnaokwa wote humo ndani. Na yule pacha wa kazini, mpira wake ni wa umri ule ule. Waambie, mzee. Nikamwambia ndiyo, nitawaambia.

Jumatano, 12 Machi

Sijawaambia.

Nilivaa viatu niende. Nikafika mlangoni, nikajiuliza: nitawaonyesha nini? Mpira uliotoka kwenye gari langu mwenyewe. Watasema nimeukata kwa kisu. Shemeji atasema hivyo kabla sijamaliza sentensi, namjua. Nikavua viatu.

Mke wangu sijamwambia pia. Nilikuwa na hamu! Lakini nikimwambia leo, leo leo atampigia simu kaka yake. Mpira nimeuweka chini ya kitanda, upande wangu. Acha mafuta yake yaanze kupungua. Acha naye aitwe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Auonje.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza kazini! Kazi yangu, gari langu. Mpira mpya, breki zinashika, mashavu ya gari yana rangi mbilimbili kwa sababu Kesho aliishiwa kopo katikati. Viti vina maua mekundu. Nikaegesha mbele ya geti lao kabla hawajafungua.

Mlinzi alitoka kunifukuza, nikamwambia barabara ni ya serikali. Mwisho akaja kukaa ndani, akaminyaminya kiti, akasema laini. Wafanyakazi wakapita wananitazama kwa pembeni. Abiria wangu wa kwanza alikuwa karani wao, yule aliyecheka sana siku ya kamati. Njia nzima alikaa nyuma akihesabu maua ya kiti. Aliposhuka aliniamkia. Mtu huyu hajaniamkia tangu mwaka jana!

Shemeji alipita na pacha. Nikampigia honi moja ndefu. Akaangalia mbele kama askari wa gwaride, ila shingo ilikuwa imelowa jasho — au nilitaka tu iwe imelowa. Nimelala usingizi mzuri mchana kutwa ndani ya gari, jambo ambalo dereva wa teksi hapaswi kufurahia.

Alhamisi, 20 Machi

Malipo ni hapa hapa duniani! Mlinzi kaniletea habari zikiwa za moto, kaegemea dirisha langu. Mafuta ya pacha hayalingani na kilomita. Shemeji kaitwa na mhasibu. Kasema hajui yanakokwenda. Hajui! Mlinzi anasema alitoka akijifuta uso kwa tai. Jumatatu ni kamati.

Niliimba njiani kurudi nyumbani. Niliimba na abiria ndani, akaniuliza kama nimepata mtoto.

Nyumbani nikamkuta mke wangu macho yamemvimba. Kaka yake kampigia. Hakuniambia kitu, kwa sababu redio ilizimwa, na yeye ndiye aliyeizima. Akaniwekea chakula. Nikala nikamaliza, nikaomba tena.

Sasa nimelala hapa naandika, na mpira uko chini yangu. Sijawahi kuwa tajiri hivi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Abiria wachache. Kesho alikuja kudai salio lake, kasema mke wangu alipita gereji jana kumpelekea kifuniko cha usukani, kilichoshonwa kwa pazia lile lile. Wakazungumza kidogo. Akaniuliza kama kazini niliwaambia. Nikasema ndiyo.

Aliniangalia. Akasema vizuri, maana yeye usingizi ulikuwa haumjii akiwaza habari ile. Akaondoka bila kuchukua salio, akisema kesho.

Nimejiuliza sana leo. Nimeendesha vile vile wiki kwa wiki, nimeungua? Sikuungua. Kwa hiyo naye hataungua. Jumatatu apite mbele ya kamati, wamcheke, atoke, hapo nitamwambia mwenyewe. Jumanne asubuhi. Siku chache tu. Mimi si muuaji.

Jumamosi, 22 Machi

Wako nje sasa hivi. Nimewaambia natafuta miwani. Ninayo usoni.

Shemeji kaja na pacha, Mama kakaa nyuma, wanakwenda kliniki. Shemeji kaingia ndani peke yake. Hana tai, ndevu hazijanyolewa. Kakaa pembeni ya kochi kama mtu aliyekuja kukopa. Akasema, shemeji, ile harufu uliyoisema. Hata mimi naisikia. Nikamuuliza tangu lini. Akainama. Akasema tangu alipoanza kuliendesha lile gari, ila mwanzoni ilikuwa ndogo. Tangu alipoanza! Na alikuwa anajua maana yake, na alinyamaza, akaniacha niendelee kuitwa mwizi mpaka ikamfika shingoni.

Anaomba Jumatatu niende nikasimame mbele ya kamati niseme harufu ipo. Watakusikiliza, anasema, wewe huna sababu ya kunitetea. Na jana, ili kuonyesha kwamba haibi, kajaza tangi pomoni mbele ya mhasibu, wakabandika karatasi ya muhuri juu ya kifuniko. Pomoni!

Yale yote niliyokuwa namwambia kichwani mwaka mzima yakanijaa mdomoni. Nikasema tu: nitafikiria. Akasema ahsante. Sauti yake ikakatika. Niseme kweli, ulikuwa utamu ambao sijawahi kuuonja. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai, ananitazama mimi, si yeye.

Shemeji akainuka, Mama asichelewe. Barabara ya kliniki ni mlima mtupu.

Ndipo nikaja huku chumbani. Mke wangu akanifuata. Akainama upande wangu wa kitanda, akautoa mpira. Umefungwa vizuri ndani ya kipande cha pazia la maua. Mimi sikuufunga. Akauweka juu ya daftari hili. Akasema, "Fundi aliniambia juzi, mpaka habari ya cheche. Nilikuwa nakungoja wewe useme." Hakupandisha sauti. Akasema pia, "Sasa najua hukuiba." Nilisubiri maneno hayo mwaka mzima, na aliyasema akiwa ananipa mgongo, anatafuta mtandio wake.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Anamsindikiza mama yake, anasema. Nikamwambia ngoja kwanza. Akaniuliza, ningoje nini?

Akatoka.

Nawaona dirishani. Kakaa nyuma na Mama. Mama kanipungia mkono, anacheka, ananionyesha maua ya teksi yangu na kidole gumba juu. Shemeji kawasha injini. Mke wangu hajafunga mlango, mguu mmoja bado uko chini. Hatazami huku. Shemeji kageuka, anamwambia kitu — nasikia — afunge mlango, wanachelewa.

Anauvuta mguu